Wadudu Wanaobungua Chakula Chetu: Somo kwa Kamati za Parokia

Ndugu wanakamati, na ninyi marafiki wafadhili mnaotufuatilia kutoka karibu na mbali, somo la robo hii halihusu mradi mpya. Linahusu wadudu ambao wengi wao hawafiki hata urefu wa punje ya mchele, lakini wana uwezo wa kumaliza kazi ya mwaka mzima ya kamati huku kufuli ya ghala ikiwa haijaguswa. Tunaomba lisomwe kwa pamoja katika kikao, ikiwezekana mkiwa na ungo wa nafaka mbele yenu.

Parokia moja ya pembezoni mwa Temeke, upande wa Mbagala, ilinunua magunia ya mahindi na maharage mwezi Agosti, wakati bei ya mavuno ilipokuwa chini. Nia ilikuwa kuyagawa kuanzia Desemba hadi Machi kwa wajane, wazee na familia zinazolea yatima, kwa kuwa miezi hiyo bei hupanda na watu hawa ndio wa kwanza kukosa. Fedha zilitoka katika michango ya jumuiya ndogo ndogo na kwa wafadhili. Magunia yalipangwa katika chumba cha nyuma ya ofisi, yakilala sakafuni na kuegemea ukuta, mlango ukafungwa kwa kufuli mbili. Kwa mwizi wa miguu miwili, chumba kile kilikuwa salama kabisa.

Siku ya tatu baada ya mgao wa kwanza, bibi mmoja alirudi ofisini na kifurushi chake.

"Shikamoo bibi," katibu akamsalimu.

"Marahaba mwanangu. Haya maharage nimeyarudisha. Yatie kiganjani uyapime."

Katibu aliyapima. Yalikuwa mepesi kama makapi, na kila harage lilikuwa na tundu moja au mawili ya mviringo, safi kama yaliyotobolewa kwa msumari.

"Kama mlikuwa hamna, mngesema hamna," bibi akasema, akaondoka.

Jioni ile kamati ilifungua ghala. Chini ya magunia ya mahindi palikuwa na unga mweupe, kana kwamba mtu amesagia pale. Mjumbe mmoja alikuwa amekwisha kununua vidonge vya kufukizia nafaka, na alitaka viwekwe usiku uleule. Lakini ghala lile linapakana kwa ukuta mmoja na chumba cha mlinzi, anayelala na mkewe na watoto wawili, na dari ya vyumba vyote viwili ni moja. Mama mmoja mjumbe, muuguzi mstaafu, alikataa kabisa. Mabishano yalikuwa makali. Tutarudi kwenye vidonge hivyo baadaye, kwa sababu kabla ya kuuliza dawa gani, kamati ilipaswa kuuliza mdudu gani.

Mbawakawa ni nani

Katika mitaa yetu, tangu Tandika hadi Bunju, kila kidudu cha jikoni huitwa mende au huitwa tu "wadudu". Mende wa kabatini si ndugu wa karibu wa hawa tunaowazungumzia. Hawa ni jamii ya mbawakawa. Mtamtambua mbawakawa kwa mgongo wake: mabawa yake ya mbele yamekuwa magumu kama gamba, nayo hukutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyooka. Mabawa laini ya kurukia yamefichwa chini yake. Mdudu huyu hupita hatua nne, yaani yai, buu, pupa na mdudu kamili. Mara nyingi buu ndiye mlaji mkubwa, naye hula akiwa amejificha ndani ya punje. Ndiyo maana mahindi yanaweza kuonekana safi sokoni Tandale au Manzese, nanyi mkayapokea kwa furaha, kumbe ukoo mzima umo ndani. Fukusi wa mahindi na baadhi ya wadudu wa maharage na kunde huanza kutaga mayai mazao yakiwa bado shambani.

Hali ya hewa ya Dar es Salaam huwapendelea. Wakulima wa Mbeya au Lushoto wana baridi inayochelewesha kuzaana kwa wadudu. Sisi tuna joto mwaka mzima na unyevunyevu wa bahari, na wakati wa masika kuta za matofali hutoa jasho. Katika joto la nyuzi 27 na hewa yenye unyevu, fukusi hukamilisha safari ya kutoka yai hadi mdudu kamili kwa wiki tano hivi. Tangu Agosti hadi Desemba, basi, kilipita kizazi kimoja, cha pili na cha tatu.

Vifaa vya kuwatambulia ni vya bei nafuu: ungo, chekecheke, karatasi nyeupe, kijiti cha meno na kioo cha kukuzia kama kipo. Chotea nafaka kutoka chini ya gunia, si juu tu. Chekecha juu ya karatasi nyeupe, acha dakika chache juani, kisha angalia nini kinatembea.

Fukusi

Huyu ndiye anayejulikana zaidi. Ana rangi ya kahawia iliyokolea, urefu wa milimita 2.5 hadi 4, na mbele ana mdomo mrefu kama mkonga mdogo wa tembo. Hakuna mwingine katika ghala zetu mwenye mdomo wa namna hiyo, kwa hiyo mkiuona mdomo mmekwisha kumjua. Mgongoni huwa na madoa manne mekundu yaliyofifia. Yuko fukusi wa mahindi na fukusi wa mchele, wanaofanana sana hata wataalamu huhitaji darubini kuwatenganisha, na wote wawili hula mahindi, mchele na ngano bila kuchagua. Jike hutoboa punje, hutaga yai moja ndani, kisha huziba tundu kwa ute. Buu hukua humo humo. Mdudu kamili hutoka kwa kuacha tundu lenye kingo zisizo sawa.

Mama wa nyumbani ana kipimo chake cha zamani: kumwaga mchele majini na kuona nini kinaelea. Ni kipimo kizuri, kwani punje iliyoliwa ndani huwa nyepesi.

Dumuzi, au Scania

Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu huyu ana historia na sisi. Dumuzi asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Huko aliishi miaka mingi bila kuwa tishio kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia Tanzania, na mwaka 1981 akatambuliwa mkoani Tabora, maeneo ya Urambo, ambako wakulima walishangaa kuona mahindi waliyozoea kuyahifadhi msimu mzima yakigeuka unga. Inadhaniwa aliletwa na shehena ya mahindi kutoka Amerika, na wengi wanaamini ilikuwa ya msaada wa chakula. Tunalitaja hili bila kumlaumu yeyote, ila wafadhili wetu wataelewa kwa nini tunasema kwamba gunia la msaada linahitaji kukaguliwa kama gunia lingine lolote.

Kutoka Tabora alisambaa kwa malori na treni. Mwaka 1983 alionekana Taveta, Kenya. Mwaka 1984 aligunduliwa Togo, upande wa pili wa Afrika, ambako aliingia kwa njia yake nyingine. Wakulima wa Tanzania walimwita Scania, kwa jina la malori makubwa yenye nguvu, na kwa kweli hakuna mtaalamu aliyepata jina zuri zaidi. Jirani zetu wa Kenya baadaye walimwita Osama.

Umbo lake ni kama kipande cha risasi: mviringo, mweusi au kahawia, milimita 3 hadi 4.5. Ukimtazama kwa juu huoni kichwa, kwa sababu kimeinama chini ya kifua chenye vijinundu vingi kama msasa. Kinachomtambulisha ni nyuma yake, ambako mwili unakatika ghafla kama uliokatwa kwa kisu. Ana binamu mdogo, mtoboa nafaka wa milimita 2 hadi 3, ambaye nyuma yake ni ya mviringo, naye hupatikana zaidi kwenye mpunga na ngano. Msiwachanganye.

Hata kama hamjamwona dumuzi mwenyewe, alama yake ni unga. Fukusi huacha vumbi kidogo. Dumuzi hutoboa ovyo, huingia punje hii na kutokea ile, na huacha vumbi jingi jeupe. Ule unga uliokuwa chini ya magunia ya parokia yetu ulikuwa saini yake. Utafiti uliofanyika Tabora katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba mahindi yaliyohifadhiwa miezi michache yaliweza kupoteza karibu theluthi moja ya uzito, na makopa ya muhogo zaidi ya nusu ndani ya miezi minne. Anapenda sana muhogo mkavu, na hutoboa hata mbao na mianzi, kwa hiyo ghala likiwa tupu bado anaweza kuwapo katika nguzo na chaga akiwasubiri.

Kwa nini kumtofautisha na fukusi? Kwa sababu dawa inayomuua mmoja haimwui mwingine vizuri. Dawa za kundi la pirimifosi humuua fukusi lakini dumuzi huzistahimili. Dawa za kundi la pamethrini humuua dumuzi lakini fukusi hustahimili. Ndiyo sababu baada ya janga la Tabora ilitengenezwa dawa ya unga yenye mchanganyiko wa viambato vyote viwili, na wakulima wakahimizwa kupukuchua mahindi kabla ya kuyahifadhi, kwani dumuzi hushambulia zaidi mahindi yaliyo kwenye gunzi, ambako punje zimeshikamana na anapata pa kuegemea anapotoboa.

Na si kila mbawakawa ghalani ni adui. Yuko mmoja mdogo mweusi, jamaa wa hukohuko Amerika ya Kati, anayekula mayai na mabuu ya dumuzi. Aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992 ili apunguze dumuzi kwa njia ya asili. Amesaidia kiasi mahali pengine, mahali pengine hakufua dafu. Msimtegemee kulinda ghala lenu.

Wadudu wa maharage, kunde na choroko

Hawa ni wanene, wafupi, mwili kama yai lililokatwa nyuma. Hawana mdomo mrefu. Mdudu kamili hali chakula cha ghala kabisa, kazi yake ni kupandana na kutaga, kisha hufa baada ya siku chache. Uharibifu wote ni wa buu.

Mdudu wa kunde na choroko hubandika mayai juu ya punje, nayo huonekana kama vidoa vyeupe vidogo. Mkiona punje za kunde zina madoa meupe yasiyotoka kwa kupanguswa, hayo ni mayai. Katika joto letu, wiki tatu hadi nne zinatosha kupata kizazi kipya. Kwenye maharage kuna wa aina mbili. Mmoja hupenda nyanda za juu zenye ubaridi na hufika Dar akiwa ndani ya maharage ya kutoka huko. Huyu hatagi kwa kubandika, hudondosha mayai ovyo kati ya punje. Mwingine hupenda joto la pwani, hubandika mayai yake, na huku kwetu ndiye anayestawi.

Sasa jambo ambalo tungependa kila mjumbe alikariri. Buu anapokaribia kuwa mdudu kamili, hula hadi karibu na ganda la harage na kuacha ngozi nyembamba ya mviringo. Kwa nje huonekana kama dirisha dogo lenye kivuli. Mdudu bado yumo ndani. Harage lenye tundu ni la jana, mdudu amekwisha kutoka. Harage lenye dirisha ni la kesho. Mnunuzi anayejua hili hutia kiganjani maharage kama hamsini, huyageuza kwenye mwanga, na akikuta madirisha hununua kwingine au hudai bei ishuke na kuyapika mapema. Bibi yetu hakuhitaji somo hili, alikuwa analijua tangu zamani. Ni sisi tuliokuwa hatulijui.

Unga, dagaa na mabenchi ya kanisa

Kwenye sembe, dona na ngano mtakuta mbawakawa mwekundu wa unga, milimita 3 hadi 4, bapa, mwenye mbio. Hawezi kutoboa punje nzima, hufuata unga na punje zilizokwisha kuvunjwa na wengine. Jike hutaga mayai mamia na anaweza kuishi zaidi ya mwaka. Wakizidi hutoa majimaji yanayoupa unga harufu kali na rangi inayoelekea pinki, na unga wa namna hiyo hauponywi kwa kuchekecha. Nyumbani, dawa ni kununua unga wa wiki moja au mbili, kuuweka katika chombo chenye mfuniko unaobana, na kutomwagia unga mpya juu ya mabaki ya zamani. Mwenye friza anaweza kuugandisha siku nne au zaidi, mayai hufa.

Dagaa na samaki wakavu wana wao. Buu lake ni la kahawia lenye manyoya, na linapotaka kugeuka pupa hutafuta kitu cha kutoboa, iwe boksi au mbao. Dagaa waliokauka vizuri hadi kuvunjika hawashambuliwi sana. Dagaa wenye harufu ya dawa ya kupulizia msinunue hata kama hawana mdudu hata mmoja. Hasa hao.

Kuhusu mbao tutasema machache. Vumbi laini kama poda chini ya benchi, pamoja na vitundu vidogo, ni kazi ya mbawakawa wa mbao. Udongo uliojengwa kama mfereji ukutani ni kazi ya mchwa, ambaye si mbawakawa. Mbawakawa wa mbao hufuata ile sehemu nyeupe ya nje ya ubao, kwa hiyo mnapoagiza mabenchi kwa mafundi, wa Keko au wa mtaani kwenu, kataeni mbao zenye kingo nyeupe zisizotiwa dawa. Samani za bei rahisi huanza kumwaga poda baada ya miezi michache, na hapo fundi hapokei simu.

Vidonge na dawa

Sasa tulipe deni letu. Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Ni gesi nzuri ya kuua wadudu kwa sababu hupenya hadi ndani ya punje. Kwa sababu hiyo hiyo hupenya nyufa za ukuta, upenyo wa dari na chini ya mlango. Haina dawa ya kuiponya mwilini, daktari anachoweza ni kumsaidia mgonjwa apumue na kumwangalia. Dalili za awali ni kichefuchefu, kizunguzungu na kubanwa kifua, ambazo mtu aliyelala anaweza asizione. Kwa hiyo kanuni ni fupi: vidonge vya kufukizia havitumiki na mtu asiye na mafunzo na kibali, wala havitumiki kamwe katika jengo ambamo watu hulala, hata kama ni chumba cha pili. Angekubaliwa yule mjumbe usiku ule, tusingekuwa tunazungumza habari za maharage.

Kosa la pili ni kunyunyizia nafaka dawa ya mbu, au dawa ya pamba au mboga iliyobaki kwa jirani. Dawa ya shambani si dawa ya chakula. Dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka inatumika kwa kipimo cha kwenye pakiti, kwa kawaida kiasi cha gramu 100 kwa gunia la kilo 90 au 100, ikichanganywa vizuri, na kwa kungoja muda ulioandikwa kabla ya kula. Iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyochukua kazi za iliyokuwa TPRI ya Arusha baada ya sheria ya mwaka 2020. Pakiti isiyo na namba ya usajili wala tarehe, au dawa inayouzwa kwa kijiko, iacheni hapo hapo dukani. Afisa kilimo wa kata anaweza kuwasaidia kusoma lebo. Wengine hudhani Dar hakuna maafisa kilimo. Wapo, waulizeni ofisi ya kata.

Kuhifadhi bila dawa

Kwa ghala la parokia tunashauri njia isiyohitaji dawa kabisa, yaani mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kwa jina la PICS. Asili yake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani na wataalamu wa Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde. Ni mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya mfuko mmoja wa salfeti. Kila mmoja hufungwa peke yake, kwa kusokota shingo, kuikunja na kuifunga kwa kamba. Wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki, kisha huacha kula na kufa. Ni ghali kuliko mfuko wa kawaida, lakini usipotobolewa hutumika tena msimu wa pili na wa tatu. Msiufungue kuchungulia katika wiki za mwanzo, maana kila mkifungua mnawapelekea pumzi.

Lakini mfuko huu hausamehe nafaka mbichi. Mahindi yakifungwa yakiwa na unyevu yataota ukungu. Kipimo rahisi ni cha chumvi: tia mahindi katika chupa kavu ya kioo hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika kadhaa, acha yatulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado hayajakauka. Anikeni juu ya turubai, si juu ya udongo.

Ukungu si jambo dogo. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu wapatao 20 mikoani Dodoma na Manyara. Punje iliyotobolewa na wadudu ni mlango wazi kwa ukungu huo, kwa hiyo mahindi yaliyobunguliwa na yenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi hayafai kusagwa. Wala msiwape kuku kwa kuwahurumia, kwani sumu hiyo haiishii kwa kuku.

Kwa maharage na kunde ya kula, jua letu lina nguvu ya kutosha likisaidiwa. Tandazeni turubai jeusi, mwageni maharage kwa safu nyembamba, funikeni kwa nailoni angavu na kukandamiza kingo kwa mawe, tangu saa tano hadi saa nane mchana. Joto chini ya nailoni hupanda kiasi cha kuua hata mabuu yaliyo ndani. Kuanika bila kufunika hakufanyi hivyo: wadudu wakubwa hutembea wakaenda kwa jirani, na watoto wao hubaki ndani. Acheni yapoe kabisa kabla ya kufunga.

Ghala lenyewe lifagiliwe hadi kwenye nyufa, na mabaki yachomwe. Magunia yawe juu ya chaga, na kati yake na ukuta mtu aweze kupita na ufagio. Magunia ya zamani yachemshwe au yasitumike. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Na tunathubutu kusema hivi kwa wafadhili: kununua kwa wingi mwezi Agosti huonekana ni akili kwenye hesabu, lakini kama parokia haina mifuko hiyo wala chumba kikavu, ni afadhali kununua mara mbili au tatu kwa bei ya juu kidogo. Katika bajeti, kipengele cha mifuko na chaga kisiwe cha kwanza kufutwa.

Kazi ya kamati kwa robo hii

Kila mnaponunua, chukueni kilo moja kutoka magunia mbalimbali, itieni katika chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, funikeni kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira, andikeni tarehe na jina la soko. Iwekeni mezani ofisini, si ghalani. Iangalieni kila Jumamosi kwa wiki sita. Kinachotokea ndani ya chupa ndicho kinachotokea ndani ya magunia, ila kwenye chupa mnakiona. Mchoreni kila mdudu katika daftari: ana mdomo au hana, nyuma yake ni ya mviringo au imekatika, ameacha unga au hakuacha.

Ile parokia ya upande wa Mbagala haikutumia vidonge. Siku ya Jumatatu vijana walitoa magunia yote nje, wakachekecha, akina mama wakachambua kwa siku mbili. Mahindi yenye ukungu yalichomwa mbele ya kamati na kuandikwa katika daftari la mali, na barua ya maelezo ikapelekwa kwa wafadhili na hesabu ya hasara bila kuficha. Yaliyosalimika yalianikwa, yakapimwa kwa chumvi na kufungwa katika mifuko mipya. Maharage hayakubaki ya kutosha, ikabidi kununua mengine.

Katibu alimpelekea bibi fungu lake nyumbani. Bibi aliyamwaga kwenye ungo, akayageuza moja moja kwenye mwanga wa mlangoni, akitafuta madirisha. Alipomaliza alisogeza kigoda, akamwambia, "Haya, karibu ukae."